Nilipoacha Kompyuta za Kilindini Nikaingia Wodini

Wanangu, kila mkija hapa kwangu Bondeni mnaniuliza swali lile lile, na kila mmoja anadhani amelibuni yeye. Bi Mwanajuma, hukuona uchungu kuacha kazi ya kompyuta, kazi ya kukaa kwenye kiyoyozi, ukaenda kumwaga mikojo ya watu? Leo nawajibu kwa maandishi ili nipumzike. Sikuona uchungu. Niliona raha, na raha yenyewe ilinishika vibaya hata nikakosa usingizi. Mpaka leo, nimestaafu, magoti yanalalamika na miwani imekuwa minene, nikipita karibu na hospitali nikasikia ile harufu ya dawa ya kusafishia sakafu, moyo unaniruka kama wa mtoto anayesubiri Idi.

Najua kwa nini mnauliza. Wengi wenu mnafanya kazi hizo hizo za kompyuta, mmeshafika thelathini na kitu, na kuna jambo linawawasha moyoni ambalo hamthubutu kuwaambia mama zenu. Basi kaeni kitako. Sitawapa hotuba. Nitawaambia niliyoyaona, na nikirukaruka mtanivumilia, maana kumbukumbu zangu hazijui kupanga foleni.

Nilikuwa fundi wa kompyuta, na fundi hodari, sitajifanya mnyenyekevu. Simu za mkononi ndiyo kwanza zilikuwa zinaingia Mombasa, na ofisi za kupitisha mizigo pale Kilindini zilikuwa zimeanza kuachana na taipureta. Kompyuta za wakati ule zilikuwa na kioo chenye kitambi, na printa zake zilipiga kelele mpaka madereva wa malori huko nje wakajua kuna karatasi inatoka. Nusu ya ujana wangu niliimaliza chini ya meza za makarani, buibui nimelikunja, bisibisi nimeiuma mdomoni. Makarani walinitambua kwa visigino kuliko kwa sura.

Niliipenda kazi ile. Chumvi ya bahari ilikula nyaya, panya wa bandarini wakala zilizobaki, nami sikukosa shughuli. Na pale Kilindini nilijifunza jambo moja ambalo nawaomba mlishike. Mashine ikigoma, fundi mbaya hukimbilia kufungua skrubu. Fundi mzuri huuliza kwanza: jana ilikuwa inafanya kazi? Basi nini kimebadilika tangu jana? Karani atakuapia kwamba hakuna kilichobadilika hata kidogo, kumbe ameihamisha meza nzima akaisogeza dirishani apate upepo, na mvua ya jana imeingia yote kwenye mashine.

Kilichonitoa huko ni printa, nanyi mtacheka. Hospitali moja ya hapa kisiwani, ambayo sitaitaja jina, iliniita nikatengeneze printa ya ofisi ndogo iliyotazamana na wodi ya wazazi. Nimepiga magoti, karatasi iliyokwama nusu imetoka nusu bado, mara mlango ukasukumwa. Muuguzi mmoja mnene aliingia, pumzi juu juu, akauliza kama mikono yangu ni safi. Nikamwambia ina wino. Akanisugua kwa pamba yenye spiriti, akaniwekea mikononi furushi la kanga, akaniagiza nikishike vizuri kichwa na nisisogee. Kisha akatoweka.

Kilikuwa kitoto kichanga, hakijamaliza hata saa moja duniani. Mama yake alikuwa akivuja damu, wauguzi wote wa zamu walikuwa wamemzunguka, na mkono pekee uliokuwa hauna kazi katika jengo lile ulikuwa wa fundi wa printa.

Nilikaa sakafuni na kile kitoto. Kilifungua jicho moja kikanitazama kama karani asiyeridhika na huduma. Mlango haukufungwa vizuri, kwa hiyo niliwaona wauguzi wakifanya kazi. Hakuna aliyepiga kelele. Mmoja alikuwa akimkanda mama tumbo, mwingine anatundika dripu, mwingine kamshika mkono na anamwita jina lake, anamwita tu, kama unavyomwita mtu aliyeanza kwenda mbali kidogo. Na yule mama akarudi. Nililiona kwa macho yangu: uso uliokuwa wa kijivu ukaanza kuwa uso wa mtu. Yule muuguzi mnene alipokuja kumchukua mtoto alinishukuru, akaniuliza printa imefikia wapi. Nilikuwa nimesahau kwamba duniani kuna printa.

Nilirudi Bondeni kwa miguu, na naambiwa nilipita madukani bila kuitikia salamu ya mtu. Mume wangu Hamisi, Mungu amrehemu, alikuwa dereva wa winchi bandarini, mtu wa maneno machache yenye pilipili. Nilimkuta anakula, nikamwambia nataka kuwa nesi. Akatafuna, akameza, akanikumbusha kwamba mimi ndiye ninayekimbilia chumbani kuku akichinjwa. Nikasema nitajifunza. Hamisi akamega tonge jingine, akasema, "Basi utaanza na kuku."

Na kweli, Ijumaa iliyofuata alileta kuku mzima. Alichinja yeye, nikanyonyoa mimi, nikampasua macho wazi, nikawa nataja kila kitu ninachokitoa: hili ini, hili firigisi, huu moyo. Watoto wetu wawili walinitazama mlangoni kana kwamba mama yao amerukwa na akili. Pengine nilikuwa nimerukwa, lakini nawaambieni, sikuwa nimefurahi hivyo tangu arusi yangu.

Chuoni niliingia na miaka thelathini na mitatu, katikati ya wasichana na wavulana waliotoka kumaliza shule juzi. Wakaniita Mama Darasa. Kwenye vitabu niliwaacha mbali. Kupiga hesabu ya dawa, kukumbuka mishipa, kupanga mambo kwa utaratibu, hayo yalikuwa maji ya kunywa kwangu. Mikono ndiyo iliyoniaibisha. Tulijifunza kupiga sindano kwa kuchoma machungwa, na mimi nilichoma chungwa kwa nguvu mpaka sindano ikatokea upande wa pili na kunichoma kidole. Mwalimu akauliza kwa upole kama mgonjwa wangu ana chuki na mimi.

Lakini tatizo langu kubwa halikuwa sindano, na hili ndilo nataka mlisikie nyinyi mnaotoka kwenye mashine. Nilipopelekwa wodini kwa mazoezi, nilikuwa naingia kama ninavyoingia ofisi ya Kilindini. Naangalia kifaa. Dripu inakwenda? Nairekebisha. Kitanda kinapiga kelele? Nakaza nati. Kipimo cha presha kimeharibika? Nakifungua papo hapo na kukitengeneza. Nikiisha kuzunguka wodi nzima, kila kitu kinafanya kazi, nami natoka kifua mbele.

Kulikuwa na mzee mmoja aliyewahi kuwa kuli bandarini, amevunjika paja, ulimi wake hauna breki. Siku hiyo nilimwendea, nikaitazama dripu yake, nikaigonga kwa kidole, nikaipunguza mwendo, nikageuka kwenda zangu. Akaniita.

"Binti," akasema, "hiyo dripu imekuitikia salamu?"

Wodi nzima ilicheka, na mimi nilicheka nao, lakini masikio yalikuwa yanawaka moto.

Aliyekuwa amesimama mlangoni akisikia yote ni Sista Agneta, mkuu wa wodi ile. Asili yake ni Busia. Baba yake aliletwa Mombasa na kazi ya reli yeye akiwa msichana, na hakurudi tena bara isipokuwa kwa mazishi. Mwanamke mfupi, Mkristo wa kwenda kanisani kila Jumapili, mwenye viatu visivyotoa sauti na jicho linaloona nyuma ya pazia. Alinifunza karibu yote ninayoyajua. Mkono kwanza, faili baadaye, ndivyo alivyokuwa akisema. Kabla hujasoma chochote, mguse mgonjwa kwa mgongo wa kiganja: ngozi baridi yenye jasho inasema mambo ambayo karatasi bado haijaambiwa. Pasha mikono yako moto kwanza, hakuna anayependa kuamshwa na samaki. Usizungumze na mgonjwa ukiwa mlangoni. Keti, hata kama ni kwa pumzi tatu, maana mtu aliyelala akimwona aliyesimama humjibu kwa mkato. Na angalia sahani yake, sio tu kama amekula, bali ameanza na nini na ameacha nini.

Mengine nilifunzwa na wagonjwa wenyewe. Wavuvi wa Liwatoni walikuwa wakiletwa wamechomwa na mwiba wa yule samaki taa, wanaume wazima wanalia. Mara ya kwanza nilibaki nimeduwaa, nafungua daftari la chuo. Sista Agneta akaagiza beseni la maji ya moto, moto wa kuvumilika usiounguza, akauzamisha mguu wa mvuvi humo, na yule bwana akanyamaza, kisha akaanza kututongoza. Dawa nyingine zilifuata baadaye, lakini maji yale yalikuwa ya kwanza. Nilitamani kupiga vigelegele.

Sasa mtasema mambo hayo ni ya zamani. Ni kweli yamebadilika, na mimi sio wa kuyalilia. Kompyuta nilizozikimbia Kilindini zilinifuata mpaka wodini. Miaka yangu ya mwisho kazini mafaili yote yalikuwa yameingia kwenye mashine, na mtambo ukizima nani anaitwa? Bi Mwanajuma, na miaka yake hamsini na ushei, anarudi tena chini ya meza. Nilizipenda hizo mashine, zimeokoa watu waliokuwa wakipewa dawa isiyo yao kwa sababu ya mwandiko mbaya wa madaktari. Ila niliwaona wauguzi vijana wanachapa huku wamempa mgonjwa mgongo, nikawafunza kukigeuza kioo ili mgonjwa naye aone kinachoandikwa juu yake. Jaribuni. Mgonjwa akiona jina lake pale hukusahihishia na umri, na mzio, na dawa aliyoificha.

Haya, nirudi kwa Sista Agneta, maana yeye ndiye aliyeshika hatima yangu.

Mazoezi yangu katika wodi yake yalikuwa yanakaribia kwisha, na bila kauli yake nisingeendelea na masomo. Alinichukua mpaka chumba cha mashuka, akafunga mlango, akaanza kukunja shuka nami nikishika ncha ya pili. Aliniambia bila kupandisha sauti kwamba tangu nije wodi yake haijawahi kuwa na vifaa vizima kama sasa.

"Nimekuona ukirekebisha kila kitu humu ndani, Mwanajuma," akasema. "Sijakuona ukimuuguza mtu. Nakusubiri mpaka Ijumaa. Nikiona fundi tu, nitamwambia mkuu wa chuo kwamba nimeona fundi."

Nilikunja shuka zile zote bila kujua nakunja nini. Nilikuwa nimeacha kazi, nimewaambia watu wote wa Bondeni, Hamisi amekuwa akipika ugali unaoshikana kama saruji ili mimi nisome. Na kubwa kuliko yote, nilikuwa nimeshaonja. Kurudi Kilindini kungekuwa kama kuonjeshwa halua kisha sahani ikaondolewa. Niliogopa, wanangu, niliogopa hasa.

Juma lile tulikuwa na mgonjwa anayeitwa Bi Zuhura, mama wa Mji wa Kale, umri wa bibi zenu. Alikuwa ameletwa na ngiri iliyojinyonga, utumbo umebanwa ukakosa damu, akapasuliwa, akakatwa kipande cha utumbo na kushonwa. Alikuwa na mrija puani, dripu mkononi, haruhusiwi kula wala kunywa. Na hata hivyo kitanda chake kilikuwa sebule. Wakati wa kutazama wagonjwa, nusu ya Mji wa Kale iliingia, mabuibui yananukia udi, na binti yake Rukia akawa anasimama kando na kikapu chenye thamosi ya kahawa, vikombe, halua na visheti. Bi Zuhura mwenyewe hakuweza kuonja hata tone, lakini aliwakaribisha wageni wake kama yuko barazani kwake. Aliuliza habari za watoto mmoja mmoja kwa majina. Na macho yake hayakutoka mikononi mwa wageni. Jumatano, mrija ukiwa puani, alimgombeza Rukia kwa sababu mgeni mmoja alipewa kahawa iliyopoa.

Nanyi mliozaliwa hapa mnajua, wa kutoka kwengine nawaeleza: Rukia hakuwa na ruhusa ya kufungua kile kikapu kivyake. Mwenye wageni ni mama. Mama hutoa neno, binti hutoa kikombe.

Asubuhi ya Alhamisi nilimpima Bi Zuhura. Joto la mwili zuri, presha nzuri, mapigo ya moyo yamepanda kidogo tu, bado ndani ya mipaka. Nikamuuliza hali yake.

"Sijambo, mwanangu, alhamdulillahi," akasema. "Wewe u hali gani? Watoto hawajambo?"

Nikaandika kwamba hana malalamiko. Na ningekuwa naandika hivyo mpaka leo, maana mama wa aina ile ukimuuliza hali atakushukuria Mungu hata kama nyumba inamwangukia.

Alasiri wageni wakaja. Nilikuwa napita na sinia ya kufungia vidonda, kwa hiyo niliona bila kukusudia kuona. Wanawake kama saba walikizunguka kitanda. Bi Zuhura aliitikia salamu, akatabasamu, akasema alhamdulillahi. Rukia alisimama na mkono juu ya kikapu akimtazama mama yake, anasubiri. Neno halikutoka. Wageni wakaketi, wakaongea wenyewe kwa wenyewe, wakaangaliana, mwisho wakaaga na kuondoka. Kikapu kilibaki kimefunikwa chini ya kitanda. Bi Zuhura alifumba macho.

Nikasimama na sinia yangu. Nini kimebadilika tangu jana? Swali lile la Kilindini lilinijia lenyewe, na safari hii halikuwa la mashine. Niliweka sinia chini, nikaketi kitandani kwake, nikamgusa kwa mgongo wa kiganja. Paji la uso lilikuwa baridi, lina jasho jembamba. Nikamwambia, mamangu, wageni wako wameondoka. Akasema bila kufumbua macho, "Wageni gani?"

Nilikimbia. Mwanafunzi wa uuguzi haruhusiwi kukimbia wodini, isipokuwa moto au damu, nami nilikimbia. Daktari Mutua, daktari kijana kutoka Machakos, alikuwa mezani na Sista Agneta, amesimama tangu alfajiri, anaandika kwa mkono mmoja na kujisugua macho kwa mwingine. Nilipofika mbele yao ndipo nilipogundua kwamba sina kipimo cha kuwaonyesha. Vipimo vilikuwa vizuri, tena nimeviandika mimi mwenyewe. Na Sista Agneta alikuwa ananitazama, na kesho ilikuwa Ijumaa. Nikiropoka upuuzi mbele ya daktari, nimejimaliza.

"Daktari," nikasema, "wageni wa Bi Zuhura wameondoka hawajanywa kahawa."

Alisubiri nimalize. Alipoona nimemaliza, akainua kichwa. "Enhe?"

"Hiyo ndiyo habari yenyewe. Jana alikuwa na mrija puani na alijua kahawa ya nani imepoa. Leo hakutoa neno. Mwili wake wa baridi, na nimemuuliza wageni wako, ameniuliza wageni gani. Jana alikuwa mwenyeji, daktari. Leo sio mwenyeji. Kuna kitu kimebadilika."

Daktari Mutua alimgeukia Sista Agneta. Hakucheka, na kwa hilo namheshimu mpaka leo. Sista Agneta akasema kwamba amekaa mji huu tangu usichana na hajawahi kutoka nyumba ya Mji wa Kale mdomo mkavu, hata penye matanga. "Kamshike tumbo," akamwambia.

Akaenda, nasi nyuma yake. Alisalimu, akaomba ruhusa, akaweka kiganja juu ya tumbo la Bi Zuhura na kubonyeza polepole. Lilikuwa gumu kama ubao. Mama wa watu alikunja uso, akauma mdomo, na alipoulizwa kama anaumia, akasema alhamdulillahi. Daktari hakuuliza mara ya pili. Ule utumbo ulioshonwa ulikuwa umeanza kuvuja ndani. Kabla ya jua kutua alikuwa amerudishwa chumba cha upasuaji, na daktari akapita karibu nami akaniambia kwamba wazee wengi hawatoi homa, ndiyo maana vipimo vilitupumbaza sote, yeye pia. Akaniuliza habari za ile kahawa tena, ili aelewe vizuri, kwa sababu wagonjwa wake wengi wanatoka mitaa ile. Nikamweleza, naye akasikiliza kama mgonjwa anayeelekezwa dawa.

Ijumaa ikaja. Bi Zuhura alikuwa hai, lakini amelala, kijivu, na hakuna aliyeweza kuapa kwamba atavuka. Sista Agneta hakuniambia lolote. Alinipa kazi ya kukaa karibu na kitanda kile, basi. Sikuuliza habari za mkuu wa chuo, na nitawaambia kitu cha ajabu: kwa saa nzima nzima nilisahau kwamba kuna mkuu wa chuo. Nilimfuta jasho, nikamlainisha midomo kwa pamba, nikamgeuza, nikamwita jina lake. Bi Zuhura. Bi Zuhura. Nilimwita tu.

Jumamosi nilikwenda wodini ingawa sikuwa na zamu. Nilimkuta macho wazi. Wageni walikuwa wamekuja watatu, wamekaa kimya kwa adabu, na Rukia alikuwa ameteremka kununua dawa. Bi Zuhura aliniona, akanyoosha kidole kimoja, sauti yake ikatoka kama uzi.

"Ndoo, mwanangu," akasema, yaani nije karibu. "Wageni wangu wamekuya kitambo na hawajanwa kitu. Mimi siwezi. Wape weye."

Wanangu, nimepata vyeti katika maisha yangu, nimepigiwa makofi siku ya kustaafu. Hakuna kilichonipa furaha kama kidole kile. Nilipiga magoti, nikavuta kikapu, nikafungua thamosi. Na nilikuwa nimevaa sare ya chuo, katikati ya wodi, mwanafunzi ambaye hatima yake haijasemwa, namimina kahawa kama niko kwenye arusi, huku kanuni zikikataza kabisa jambo hilo. Nilijua zinakataza. Bi Zuhura naye alikuwa anakagua mikono yangu, akanong'ona nisijaze sana.

Hapo ndipo nilipohisi kuna mtu nyuma yangu. Viatu visivyotoa sauti. Sista Agneta alikuwa amesimama miguuni mwa kitanda, nyuma yake wanafunzi wapya wa chuo wamejipanga, ndiyo kwanza anawatembeza. Alinitazama mimi, akaitazama thamosi, akamtazama Bi Zuhura, na Bi Zuhura, kwa uzi ule wa sauti, akamkaribisha kiti.

Sista Agneta akaketi. Akapokea kikombe kwa mikono miwili. Kisha akawageukia wale wanafunzi.

"Mtakuwa na maswali juu ya mgonjwa huyu," akasema. "Msiniulize mimi. Muulizeni muuguzi wake."

Nao wote wakanigeukia mimi, kalamu mkononi, na kahawa ikanifurikia vidoleni, ya moto, ikatiririka mpaka kwenye mkono wa sare, nami siachi kumimina na siachi kucheka.